Mchuaji na Kine: Jinsi Kazi Moja Ilivyogawanyika

Babu yangu alipopata kiharusi, sisi wa nyumbani Buyenzi tuligawanyika. Shangazi alitaka aitwe mama mmoja wa mtaa wa pili anayechua kwa mafuta ya moto. Kaka alitaka apelekwe kwa kine, kama tunavyomwita hapa Bujumbura mtaalamu wa tiba ya viungo. Kila upande ulizungumza kana kwamba mambo haya yametengana tangu zamani. Nadhani wote walikosea. Kuchua na tiba ya viungo vilikuwa kazi moja, na sababu za kuvitenganisha hazikuwa zote za kitabibu.

Mwaka 1813 Per Henrik Ling alianzisha chuo cha mazoezi mjini Stockholm, Uswidi. Katika mfumo wake, kumkanda mgonjwa, kumnyoosha kiungo na kumfanyisha zoezi vilikwenda pamoja. Mfumo huo ulienea Ulaya, na kufikia mwisho wa karne ile wauguzi wengi wa Uingereza walikuwa wamejifunza kuchua.

Ndipo fedheha ikaja. Mwaka 1894 jarida la British Medical Journal liliandika kwamba baadhi ya nyumba za kuchua mjini London zilikuwa madanguro yaliyojificha. Fikiria muuguzi aliyesomea kazi yake, sasa akitaja anachofanya watu wanatazamana. Mwaka huohuo wanawake wanne, Rosalind Paget akiwa mmoja wao, waliunda Chama cha Wachuaji Waliofunzwa. Kanuni zao zilikuwa kali: mwanachama asifanye kazi bila maelekezo ya daktari, asimchue mwanamume ila kwa dharura au kwa ombi maalumu la daktari, asijitangaze isipokuwa katika magazeti ya kitabibu. Hakuna kanuni hata moja kati ya hizo inayosema kuchua hakuponyi. Zote zinalinda jina la mchuaji. Gharama yake ilikuwa kubwa, kwani walijiweka chini ya daktari moja kwa moja, ila sioni njia nyingine waliyokuwa nayo.

Vita Vikuu vya Kwanza viliwapa kazi isiyo na mwisho. Askari waliorudi na mikono na miguu iliyopooza au kukakamaa walihitaji kufundishwa kutembea na kushika vitu upya, na hapo mafuta na viganja havikutosha. Mwaka 1920 chama kilipata hati ya kifalme kikiitwa cha uchuaji na mazoezi ya tiba. Mwaka 1944 kikabadili jina tena na kuwa cha fiziotherapia. Neno "uchuaji" likatoweka katika jina la chama kilichozaliwa na wachuaji!

Wafaransa walikwenda njia yao. Sheria ya tarehe 30 Aprili 1946 iliunganisha wachuaji na walimu wa mazoezi ya tiba katika taaluma moja, na jina lake rasmi mpaka leo linaanza na neno mchuaji. Sisi tulioazima "kine" kutoka Kifaransa tumechukua nusu ya pili tu ya jina hilo, na labda ndiyo maana nyumbani kwetu tulibishana.

Shangazi alishinda mwanzoni. Babu alichuliwa wiki sita. Alilala vizuri, maumivu ya bega yakapungua, lakini mkono wa kulia ulibaki umelala pajani na vidole vikaanza kujikunja. Hatukuwa tumemwomba autumie hata mara moja, na hilo linaniuma, maana wiki za mwanzo baada ya kiharusi ni za thamani. Tulipomfikisha kwa kine, binti yule alimchua kiganja kwa dakika chache, vidole vikalegea. Kisha akaweka kikombe kitupu mezani, upande wa kulia, akamwambia, "Mzee, nipe hicho." Siku ile hakuweza. Tulirudi naye Jumatatu iliyofuata, na shangazi ndiye aliyebeba kikombe.