Kamari Iliyookoa Fremu za Feleji

Kokura ni mji wa kisiwa cha Kyushu, Japani, ulionusurika bomu la pili la atomiki kwa sababu ya mawingu na moshi. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1948, mji huohuo ulifungua uwanja wa mbio za baiskeli za kamari. Serikali za mitaa zilihitaji fedha baada ya vita, na sheria ya kuruhusu mbio hizo ilikuwa imepitishwa mwaka uleule. Mchezo ukaitwa keirin, ukaenea nchi nzima.

Palipo na kamari pana hofu ya kudanganywa. Aliyeweka fedha zake kwa mshindani wa namba 3 anataka kuwa na hakika kwamba mtu wake, akishindwa, ameshindwa na miguu ya mwenzake wala si na chombo cha bei kubwa. Ndiyo maana chama cha Nihon Jitensha Shinkokai kilikagua kila kifaa: fremu, krenki, cheni, usukani, hata kiti. Kilichofaulu kiligongwa muhuri wa NJS. Fremu iwe ya feleji, gia iwe moja, pasiwe na breki wala friwili.

Friwili ndiyo inayotuwezesha kuteremka mlima miguu ikiwa imetulia. Ikitolewa, sproketi ikafungwa moja kwa moja kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, pedeli huzunguka muda wote gurudumu linapozunguka, na mpandaji hupunguza mwendo kwa kuzikazia miguu. Rover ya John Kemp Starley, iliyotoka Coventry mwaka 1885, ilikuwa hivyo. Henri Desgrange alipoweka rekodi ya saa moja mjini Paris mwaka 1893, kilomita 35.325, alikuwa juu ya baiskeli ya namna hiyo. Baadaye akaanzisha Tour de France na kuzikatalia katakata gia za kubadilisha. Ziliruhusiwa mwaka 1937, yeye akiwa ameshaachia uongozi.

Kwingineko duniani mafundi wa fremu za feleji walipungua alumini na kaboni zilipoingia. Japani hawakupungua hivyo, kwa kuwa kanuni za kamari ziliwahakikishia wateja. Yoshiaki Nagasawa alijifunza kazi Italia, kwa Sante Pogliaghi na kwa Ugo De Rosa, akarudi kufungua karakana yake karibu na Osaka. Fremu zake ndizo alizopanda Koichi Nakano, bingwa wa dunia wa mbio fupi za kulipwa kuanzia 1977 hadi 1986, mara 10 mfululizo. Kwangu mimi, hakuna ushahidi mzuri kuliko huo wa thamani ya bomba la feleji lililochomelewa kwa mkono.

Mitaani baiskeli za namna hii zilifika kwa njia nyingine. Matarishi wa New York walizipenda baiskeli za uwanjani kwa wepesi wake na uchache wa vitu vya kuharibika. Mmoja wao, Nelson Vails wa Harlem, alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Miaka ya 2000 vijana wa San Francisco, London na kwingineko wakaanza kusaka fremu na vipuri vya keirin vilivyokwisha kutumika, vyenye muhuri uleule wa NJS.

Anayetaka kujiundia baiskeli ya namna hii leo si lazima anunue fremu ya Japani. Fremu nyingi za zamani za barabarani zinafaa, kwa sababu nafasi ya ekseli ya nyuma imelala: gurudumu huvutwa nyuma mpaka cheni ikaze. Kitovu ndicho kisichotaka mkato. Kile cha uwanjani kina nyuzi za aina mbili. Sproketi hufungwa kwa uzi wa kawaida, kisha pete ya kuibana hufungwa kwa uzi wa kinyume, ili mpandaji anapokaza miguu kusimama, sproketi isifunguke. Kitovu cha friwili hakina uzi huo wa pili. Wapo wanaokitumia hivyohivyo kwa gundi, na sproketi huweza kufunguka katikati ya mteremko.

Uwanjani hakuna magari wala watoto wanaovuka. Japani kwenyewe, baiskeli ya keirin isiyo na breki hairuhusiwi barabarani. Msomaji ukiunda ya kwako, nunua kitovu cha kweli na ufunge breki ya mbele kabla hujatoka nyumbani.