Minziro, kocha aliyeifikisha Geita Afrika

Watu wa Jangwani, makao ya Yanga, walimjua Fred Felix Minziro muda mrefu kabla ya wachimbaji wa Geita kulisikia jina lake. Miaka ya 1980 alikuwa beki wa kushoto wa Yanga, na alipotundika daluga alihamia kwenye benchi la ufundi. Mwaka 2011 Yanga ilipotwaa Kombe la Kagame, kocha mkuu alikuwa Mganda Sam Timbe na msaidizi wake Minziro. Mwaka uliofuata kombe lilibaki Jangwani. Kocha mkuu sasa alikuwa Mbelgiji Tom Saintfiet, msaidizi yuleyule.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, aliichuma mbali na Yanga. Ligi Daraja la Kwanza ilikuwa na safari ndefu za basi, viwanja vibovu na mishahara iliyochelewa, na makocha wengi wenye majina waliikwepa. Minziro aliingia humo, akaipandisha Singida United mwaka 2017 na KMC mwaka 2018. Kote kuwili, timu ilipofika Ligi Kuu ilikabidhiwa mgeni: Singida kwa Mholanzi Hans van der Pluijm, KMC kwa Mrundi Etienne Ndayiragije.

Geita nako mpira ulikuwa na doa zito. Mwaka 2016 Geita Gold ilikuwa ikiwania nafasi ya kupanda na Polisi Tabora kwa tofauti ya mabao. Siku ya mwisho Geita ikaifunga JKT Kanembwa 8-0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. TFF iliziadhibu timu hizo kwa kupanga matokeo, Geita ikashushwa hadi Daraja la Pili, na nafasi ikaenda kwa Mbao ya Mwanza. Mji uliokuwa ukichimba dhahabu kwa mitambo mikubwa tangu mwaka 2000 ukabaki bila timu ya Ligi Kuu.

Ilichukua miaka mitano kulifuta doa hilo. Mwaka 2021, chini ya Minziro, Geita Gold ilipanda kwa mara ya kwanza. Msimu huohuo Mwadui ya Shinyanga, timu ya mgodi wa almasi, ilishuka. Mwadui nayo ilikuwa imepandishwa mwaka 2015 na beki mwingine wa zamani, Jamhuri Kihwelo “Julio” wa Simba, na Stand United, nayo ya Shinyanga, ilikuwa imekwisha kushuka mwaka 2019. Kwa hiyo Kanda ya Ziwa yote ya madini sasa iliitazama Geita.

Lakini kwa Ligi Kuu viongozi wa Geita wakamleta Ndayiragije, yuleyule wa KMC, awe kocha mkuu. Msimu ulianza vibaya, Mrundi akaondoka mapema, na Minziro akarudishiwa timu. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba alikuwa na uwezo zaidi ya kupandisha timu. Geita ilimaliza ya nne, nyuma ya Yanga, Simba na Azam, ikakata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mshambuliaji wake George Mpole alifunga mabao 17 na kuwa mfungaji bora, akimzidi Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Juni 2022 Mpole aliifungia Taifa Stars dhidi ya Niger. Safari ya Afrika ilikuwa fupi, kwani Hilal Alsahil ya Sudan iliitoa Geita hatua ya awali, lakini timu iliyokuwa Daraja la Kwanza mwaka mmoja tu nyuma ilikuwa imecheza kimataifa.

Italia nao wanaye mpandishaji timu wao, Claudio Ranieri, beki wa zamani wa Catanzaro. Aliitoa Cagliari daraja la tatu hadi Serie A kati ya mwaka 1988 na 1990, na mwaka 2023 akarudi kuipandisha tena. Kule mtu wa aina hiyo huheshimiwa. Kwetu bado tunadhani kupandisha timu ni kazi ya kibarua, ikiisha aitwe bwana mkubwa. Naliona hilo ni kosa, na Geita wenyewe ni ushahidi: msimu wa 2023/24 ulipoanza Minziro alikuwa Tanzania Prisons, na ulipoisha Geita Gold ilikuwa imeshuka daraja pamoja na Mtibwa Sugar.

Oktoba 2024 Pamba Jiji ya Mwanza, iliyorudi Ligi Kuu baada ya zaidi ya miaka ishirini, ilikuwa hoi chini ya Goran Kopunović. Ilimwita Minziro. Mpole alikuwa tayari kikosini, na Pamba haikushuka.