Mzee aliyepotelea Nakuru: wapi pa kumtafuta, na kwa nini sensa haitakusaidia

Kila nyumba ya Mji wa Kale ina mtu wake aliyekwenda bara asirudi. Kwetu ni baba yake nyanya, mzaa mama. Aliondoka Mombasa na gari la moshi kabla ya Vita vya Kwanza, nyanya akiwa bado mchanga, na habari ya mwisho iliyofika ni kuwa yuko Nakuru. Tangu nilipoanza kumtafuta nimeulizwa na watu wengi nilipita wapi na niliambulia nini. Naandika ili mwengine asipoteze miaka miwili niliyopoteza mimi.

Kwanza nieleze kwa nini tulimtafuta, maana haikuwa hamu ya nasaba tu. Baba yake mzee huyu alikuwa na shamba Kisauni, na alifariki Rajab 1339, yaani Machi au Aprili 1921. Tarehe imeandikwa kwa mkono ndani ya jalada la msahafu wake. Wanaojua mirathi washaona suala liko wapi. Ikiwa mwana alitangulia kufa kabla ya babake, wanawe hawapati kitu katika lile shamba, kwa sababu ami zao waliokuwa hai wanawazuia. Ikiwa alikufa baada ya babake, hata kwa siku moja, fungu lake lilikuwa lishakuwa lake, na linateremka kwa wanawe.

Upande wa ami umesema siku zote kwamba mzee alichukuliwa upagazi wa vita na akafia huko kabla vita havijesha. Nyanya, mpaka anaingia kaburini, alisema babake alimletea leso kwa mkono wa mtu wa reli alipokuwa karibu kuolewa. Leso haipo, na aliyeileta hakuna anayemjua jina. Shamba lilikaa bila kugawanywa hadi lilipozungukwa na magorofa, ndipo faili ikafunguliwa kwa Kadhi. Wakili mmoja alitwambia kuna kifungu 118A cha Sheria ya Ushahidi, kinachomdhania mtu amekufa asiposikika kwa miaka 7. Ni kweli kipo. Lakini kifungu hicho kinakwambia mtu amekufa, hakikwambii alikufa lini, na sisi mgogoro wetu wote ni huo wa lini.

Nikaanza pale wanapoanza watu wote, kwenye sensa. Binamu yangu anayeishi London alikuwa amempata babu wa mumewe, Mwingereza, katika sensa yao ya 1921: jina, umri, kazi, mpaka idadi ya vyumba. Kule fomu hufunguliwa baada ya miaka 100, na hizo za 1921 zilitolewa Januari 2022. Akaniambia, "Tafuta na wewe, si mwaka huo huo munaoutaka?"

Hapa kwetu mambo si hayo. Sensa za 1911, 1921, 1926 na 1931 zilihesabu Wazungu, Wahindi, Waarabu na wengine walioitwa wasio wenyeji. Mwafrika hakuhesabiwa kichwa kwa kichwa. Idadi yake ilikadiriwa, na kodi ya kibanda ndiyo iliyotegemewa sana katika makadirio hayo. Mswahili wa Thenashara Taifa akatiwa upande wa wenyeji, jambo ambalo wazee wetu waligombana na serikali kwalo miaka na miaka. Sensa ya kwanza iliyohesabu watu wote wa Kenya ni ya 1948, na hata hiyo utakachokipata ni majedwali. Fomu zenye majina hazifunguliwi umma. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema "sensa za zamani" za Kenya, jua atakuonyesha hesabu, hatakuonyesha mtu.

Na hizo hesabu nazo zina vituko vyake. Sensa ya 2009 ilitukuta Waswahili zaidi ya 110,000. Ya 2019 ikatukuta 56,000 hivi. Hatukufa nusu yetu katikati hapo. Watu walijitaja vyengine, au makarani waliandika vyengine. Tukipotea hivyo zama hizi za tableti, sioni haja ya kumlaumu karani wa 1921.

Basi sensa nikaiacha. Ilibidi nijifunze kwanza Nakuru yenyewe ni mji gani, kwa sababu makaratasi yanafuata serikali iliyoyaandika. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900 na mji mdogo ukatangazwa 1904. (Ujiji umepatikana Desemba 2021, na wenyeji wa huko wanakukumbusha kila dakika.) Lakini watu wa Pwani walipita bonde hilo zamani kabla ya reli. Misafara ilipanda kupitia Naivasha mpaka Njemps, kusini ya ziwa Baringo, kununua pembe na kutafuta chakula. Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani, aliijua njia hiyo kabla ya Wazungu waliokuja kuandika vitabu juu yake. Baadaye ikawekwa boma Eldama Ravine, na wapagazi wa Kiswahili wakawa wanakwenda na kurudi. Novemba 1895 msafara mmoja uliokuwa ukirudi kutoka huko ulishambuliwa na Wamaasai katika bonde la Kedong, wakauawa mamia ya watu, wengi wao Wakikuyu na wengine watu wa Pwani. Ukoo wenye mzee "aliyeliwa na bara" miaka hiyo uanze na habari hiyo.

Sasa jambo ambalo shuleni sikufundishwa: mpaka tarehe 1 Aprili 1902, Naivasha, Nakuru na Eldama Ravine hazikuwa upande wetu wa serikali. Zilikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda, na barua za maafisa wake zilikwenda Entebbe. Kwa hivyo mzee aliyeondoka kabla ya mwaka huo humtafuti katika makaratasi ya Mombasa peke yake. Unamtafuta Uganda, na Zanzibar vilevile, kwa kuwa wapagazi wengi waliandikwa huko. Wetu aliondoka baadaye, nikashukuru.

Katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lile jengo lililokuwa benki zamani pale Moi Avenue, Nairobi, mkabala na sanamu ya Tom Mboya, uliza majalada ya wilaya yanayoanza na herufi DC/NKU, na ya mkoa yanayoanza na PC/RVP. Hifadhi hiyo ina kituo Nakuru pia, na Mombasa kipo. Ripoti za kila mwaka za wilaya utazisoma kwenye filamu ndogo. Jitayarishe kuumwa na macho. Zinasema nini? Zinasema ng'ombe, mahindi, wezi, mvua, na hapa na pale aya moja juu ya kijiji cha Waswahili na uchafu wake. Majina ni ya Wazungu. Nilikaa siku nne. Faida niliyotoka nayo ni moja, lakini ni kubwa: nilielewa neno "Mswahili" lilikuwa na maana gani kwa yule afisa.

Huku kwetu Mswahili ni mtu mwenye mtaa wake na taifa lake. Nakuru, karani wa kikoloni aliandika "Swahili" kwa kila mtu mweusi mwenye kanzu na jina la Kiislamu: Mmanyema, Mnyamwezi aliyekuja na msafara, Mnubi aliyeacha jeshi, Mkikuyu aliyesilimu mwaka jana. Kwa hivyo ukikuta jina la mzee wako na mbele yake kumeandikwa hivyo, usipige vigelegele. Mimi nilipiga. Nilimpata mtu mwenye jina lile lile, miaka ile ile, nikapiga simu nyumbani usiku. Kumbe ni mtu mwengine kabisa, asili yake Tabora, na hata wajukuu zake nikawakuta, wakanikaribisha chai na kunicheka kwa heshima.

Tangu hapo nikajiwekea sharti: jina lake, la babake, la babu yake, na mtaa au shamba alikotoka. Likikosekana moja, si yeye mpaka ithibitike. Na jina lenyewe uliandike kila namna. Athumani anaweza kuwa Athman, Uthman, Osman au Asumani, inategemea kalamu ni ya Mzungu, ya karani wa Kigoa au ya shekhe. "Bin" huweza kuwa "wadi" au kukosekana. Halafu kuna majina ya kupangwa: mtu wa kwetu akifika bara huitwa Fulani Mombasa au Fulani Pwani, na miaka ikipita hilo ndilo linabaki.

Gazeti Rasmi la Serikali limechapishwa tangu 1899, na nakala zake nyingi sasa zimo mtandaoni, bure. Ndani yake kuna matangazo ya mirathi, wafu waliotajwa kwa majina, walikofia na nani anaomba kusimamia mali. Nilikesha nalo usiku mwingi. Mzee wetu hakuwamo, maana aliyekufa bila mali yenye kugombewa mbele ya mahakama hatangazwi. Lakini ndani yake nilimkuta ndugu wa mke wa ami, jambo ambalo hawakunishukuru.

Vifo navyo usitarajie makubwa. Kuandikisha vizazi na vifo kulianza na Wazungu 1904, Wahindi wakafuata 1906, na kwa Waafrika sheria ilienea wilaya kwa wilaya mpaka ikatimia nchi nzima 1971. Kipande ni hadithi nyengine. Sheria yake ni ya 1915, ikaanza kutumika baada ya vita: karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole na jina la mwajiri, ndani ya kikebe cha bati shingoni. Ukiwa na kipande cha mzee wako sandukuni, usikitupe, na usikisafishe. Kina tarehe za kazi na mahali. Chetu hakipo.

Kilichotufaa ni ndoa. Tangu 1906 kulikuwa na sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu, na waliopewa kazi hiyo walikuwa na vitabu. Vitabu vingine vimo ofisini, vingine vilibaki majumbani kwa watoto na wajukuu wa waliokuwa wakiozesha. Nilikwenda Nakuru mara ya tatu bila kuonana na afisa yeyote. Nilikaa msikitini Bondeni baada ya alasiri, siku tatu mfululizo, nikisalimiana na wazee. Siku ya tatu mmoja akanipeleka kwa bi mkubwa ambaye babu yake alikuwa akiozesha watu mjini hapo. Chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa unga, alikuwa na vishina vya vyeti.

Nilitafuta bwana harusi, sikumwona. Ni yule bi mkubwa aliyeniuliza, "Na mashahidi umewasoma?" Sikuwa nimewasoma. Nikaanza upya. Shawwal 1344, yaani Aprili au Mei 1926, katika ndoa ya watu wasiotuhusu kabisa, shahidi wa pili: jina lake, la babake, la babu yake, "wa Kisauni, Mvita", na saini kwa herufi za Kiarabu. Nyumbani tuna hati ya deni aliyotia saini 1912. Nun yake ina mkia uleule. Miaka 5 baada ya kufa babake, mzee alikuwa Nakuru, hai, akishuhudia ndoa ya mtu.

Nilikosea kudhani habari imekwisha hapo. Bi mkubwa alimkumbuka kwa masimulizi ya mamake: alioa Nakuru, akazaa binti mmoja, na binti huyo ana wajukuu Njoro. Kwa hivyo fungu tulilolipigania si letu peke yetu. Mjomba wangu, aliyegharamia safari zote tatu, aliposikia alinyamaza kidogo akasema, "Nimelipa nauli kutafuta washirika." Baadaye yeye ndiye aliyewapigia simu watu wa Njoro, na majina yao yameongezwa kwenye faili.

Upande wa ami unasema saini si ushahidi wa kutosha. Huenda. Mahakama imetaka kitabu chenyewe, picha ya simu haitoshi. Nikamwomba bi mkubwa aniazime, akakataa. "Mwanangu, kitabu hiki hakitoki bila mimi." Kwa hivyo anakuja nacho mwenyewe wiki ijayo, kwa basi mpaka Nairobi na kwa treni mpaka Miritini, na ameniuliza mara mbili kama kutoka huko hadi baharini ni mbali.