Bukta, Drili na Gomesi: Historia Fupi ya Mavazi ya Mazoezi ya Viungo katika Shule za Busoga na Bugisu

Mara nyingi kurasa hizi hujadili ngeli, insha na riwaya. Leo tunaomba tutoke darasani tuelekee uwanjani, kwa kuwa huko nako kuna historia ambayo mwalimu wa Kiswahili hana budi kuijua. Swali letu kwa sura ni dogo: mtoto huvaa nini anapofanya mazoezi ya viungo? Lakini jibu lake linagusa kiwanda, kambi ya jeshi, mtihani wa taifa na mfuko wa mzazi. Linagusa pia lugha tunayoifundisha.

Tuanzie Budondo. Gombolola hii iko kando ya mto Nile, kaskazini ya mji wa Jinja, jirani na mahali palipokuwa na maporomoko ya Bujagali kabla ya bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012. Tangu Julai 2020 Budondo imeingizwa katika Jiji la Jinja, ingawa maisha yake mengi bado ni ya shamba. Kama ilivyo katika shule nyingi za vijijini, kipindi cha P.E. kinapofika kwenye ratiba, mambo huwa ya aina tatu. Wenye bukta na fulana huingia uwanjani. Wasio nazo huvua viatu na soksi ili visichakae, wakakimbia na sare ile ile ya darasani. Wengine, hasa wasichana wakubwa, huketi chini ya mwembe wakashika mikoba ya wenzao. Hawa wa mwembeni ndio sababu ya makala haya.

Kabla ya shule za kimisheni, watoto wa Busoga walikimbia, walipigana mieleka na kuogelea bila kuulizwa sare. Nguo ya watu wazima ilikuwa ya magome ya miti, iliyopondwa ikalainika, ikafungwa mwilini kwa fundo. Ni vazi la heshima, na ufundi wake huko Buganda ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Lakini nguo ya kufungwa kwa fundo ina tabu moja: mvaaji akiinama na kuinuka mara nyingi, hulegea.

Tabu hiyo ndiyo iliyozaa gomesi. Simulizi inayojulikana zaidi inasema kwamba shule ya wasichana ya Gayaza, iliyofunguliwa mwaka 1905, ilimwomba fundi wa Kigoa, Caetano Gomes, ashone vazi ambalo halitawaanguka wasichana wanapofanya kazi. Akaweka mabega, vifungo na mshipi. Mwaka 1914 vazi hilo lilivaliwa na Irene Drusilla Namaganda, mke wa Kabaka Daudi Chwa, na tangu hapo likaenea hadi Busoga na kwingineko. Leo bibi wa Budondo akienda arusini amevaa gomesi, hakuna anayekumbuka kwamba vazi hilo lilianza kama jibu la shule kwa swali la msichana anayetaka kusogea bila kuona haya.

Uingereza nako palitokea jambo kama hilo. Mwalimu Martina Bergman-Österberg alifungua chuo chake cha mazoezi ya viungo London mwaka 1885, kikahamia Dartford mwaka 1895. Huko ndiko mchezo wa netiboli ulikokulia. Huko pia wanafunzi wa kike walianza kuvaa gauni fupi lisilo na mikono, juu ya blauzi, ili waweze kuruka na kukimbia. Baada ya miaka michache gauni hilo la mazoezi likawa sare ya darasani kwa wasichana wa Uingereza, kisha likasafiri na wamisionari na walimu hadi makoloni. Binti wa shule ya msingi nchini Uganda anayevaa gauni la shule juu ya blauzi amerithi, bila kujua, nguo iliyobuniwa kwa ajili ya kuruka. Cha ajabu ni kwamba leo anaambiwa hawezi kuruka nayo.

Hapa tunapata fundisho la kwanza. Vazi hubuniwa ili mwili usogee; baadaye hupata heshima, likawa la kusimama wima na kupigwa picha; kisha hulazimu kutafuta vazi jingine la kusogea. Kila mara mzunguko huo unaporudi, ni mzazi anayelipa.

Tuje sasa kwa wavulana, na kwa lugha. Mazoezi ya viungo katika shule za mwanzo yaliitwa drili, na yalifanana sana na gwaride. Wakubwa wa elimu Uingereza walitoa mwongozo wa mazoezi ya shule mwaka 1909, wakaurekebisha mwaka 1919 na tena mwaka 1933, na mwongozo huo wa mwisho ulijulikana katika makoloni mengi. Safu, amri, mikono juu, mikono chini: ndiyo yalikuwa mazoezi. Jinja yenyewe ulikuwa mji wa kambi. Kikosi cha nne cha King's African Rifles, ambacho kilikuwa cha Uganda, kilikuwa na makao yake hapo, na lugha ya askari ilikuwa Kiswahili. Watoto waliokua karibu na kambi hiyo walisikia "geuka" na "simama" kabla hawajasikia utenzi hata mmoja. Nguo ya askari ilikuwa kaptula ya kaki, na kaptula ya kaki ndiyo iliyokuwa nguo ya mvulana wa shule, kuanzia shule za vijijini hadi Busoga College, iliyohamia kilima cha Mwiri mwaka 1933.

Mwalimu wa lugha atafurahia jambo moja hapa. Kitambaa kigumu cha kaptula hizo nacho huitwa drili. Tungeweza kudhani kwamba nguo ilipewa jina la mazoezi, kumbe sivyo. Jina la mazoezi lilitoka Uholanzi, likiwa na maana ya kuzungusha au kutoboa. Jina la kitambaa lilitoka Ujerumani, na asili yake ya mbali ni Kilatini, likiwa na maana ya nyuzi tatu. Maneno mawili ya ukoo tofauti yalikutana katika Kiingereza yakafanana, kisha yakaja kukutana kwenye mwili wa mtoto wa Kisoga: amevaa drili, anafanya drili.

Bukta nayo ina hadithi yake. Neno hili tunalolitumia kwa kaptula ya michezo lilikuwa jina la kampuni ya Uingereza, iliyoanzishwa na familia ya Buck mwaka 1879, ambayo ilishona nguo za michezo. Jina la muuzaji likawa jina la bidhaa, na bidhaa ikaingia kwenye kamusi. Fulana na raba pia zimetokana na majina ya vitu vilivyotengenezewa: kitambaa cha flaneli na mpira. Hivyo basi, mtoto anayetajiwa orodha ya mavazi ya michezo kwa Kiswahili anatajiwa historia ya biashara bila kujua.

Biashara hiyo ilikuwa na sura chungu kwa watu wa Busoga na Bugisu. Wakulima wao walilima pamba tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, ilifunguliwa mwaka 1912 kwa kiasi kikubwa kwa ajili ya kuisafirisha. Pamba iliondoka ikiwa nyeupe, ikarudi ikiwa kaki, na mkulima aliinunua kwa bei asiyoipanga yeye. Mambo yalibadilika kiasi mwaka 1954. Bwawa la Owen Falls lilizinduliwa mwaka huo, na kiwanda cha Nyanza Textile Industries, maarufu kwa jina la Nytil, kikaanzishwa mjini Jinja kutumia umeme wake. Mbale nayo baadaye ikapata kiwanda chake, African Textile Mills. Kwa mara ya kwanza, pamba ya Busoga iliweza kuwa sare ya mtoto wa Busoga bila kuvuka bahari.

Neema hiyo haikudumu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia waliokuwa wameshika sehemu kubwa ya biashara na viwanda. Vipuri vikakosekana, mitambo ikadorora. Mwaka huo huo Amin alipiga marufuku kwa amri sketi fupi na kaptula fupi za wanawake. Na mwaka huo huo, huko Munich, John Akii-Bua alishinda mbio za mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia na medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda. Taifa zima lilishangilia kijana aliyevaa bukta. Watoto waliotaka kumuiga nyumbani waliingia katika miaka ya uhaba ambapo sabuni yenyewe ilitafutwa kwa foleni, sembuse bukta. Viwanda vilipobinafsishwa katika miaka ya 1990, soko lilikuwa tayari limejaa mitumba, ambayo Waganda huiita mivumba. Nguo za michezo zikawa rahisi kupatikana, ila hazikuwa sare: huyu amevaa fulana ya timu ya Uingereza, yule ya chuo cha Marekani.

Januari 1997 ilianza elimu ya msingi kwa wote. Idadi ya wanafunzi iliruka kutoka takriban milioni 3 mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5 mwaka uliofuata. Serikali ililipa ada. Nguo na chakula vikabaki kwa mzazi, na Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 ikataja mavazi waziwazi miongoni mwa wajibu wake. Mzazi mwenye watoto watano shuleni anayejitahidi kununua sare moja kwa kila mtoto, akiambiwa aongeze ya michezo, atachagua. Na atachagua kwa hekima: mtihani wa kumaliza shule ya msingi hupima Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Hakuna swali la kuruka kamba. Sera ya Taifa ya Elimu ya Viungo na Michezo ilitolewa mwaka 2004, lakini sera haishoni bukta.

Hapa ndipo historia ya somo hilo inapofanana na ya somo letu. Kiswahili na drili viliingia kwa mlango mmoja, mlango wa kambi, na vyote viwili vikabeba harufu yake. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika lugha za shule nchini Uganda, kikabaki kwa polisi na askari. Elimu ya viungo haikuondolewa kwenye ratiba, lakini kipindi chake kiligeuzwa kuwa cha hisabati ya ziada. Somo lisilotahiniwa ni kama mgeni asiyekaribishwa kuketi: yumo nyumbani, lakini amesimama. Kisha, Februari 2020, mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza, masomo haya mawili yalirudi pamoja, yote ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwezi uliofuata shule zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, hazikufunguka zote hadi Januari 2022. Lakini mlango ulikuwa umekwisha funguliwa.

Tufanye nini nao? Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, tusiruhusu mavazi yawe kizuizi. Mazoezi mengi ya viungo hayahitaji bukta maalumu. Yanahitaji nguo isiyobana wala kufunua. Shule ikitaka sare ya michezo, na iwe kitu ambacho fundi wa senta ya karibu anaweza kukishona kwa kitambaa cha bei nafuu, na iwepo akiba ya shule kwa asiye nacho. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nao walikuwa sahihi. Ndiyo maana nguo ya akiba iwe ya shule, mtoto aivae kwa haki, asiivae kwa hisani ya mwenzake.

Pili, msichana asikilizwe. Aliyevunja ungo hakai chini ya mwembe kwa uvivu. Mara nyingi anaogopa sketi itapepea, au siku zake zimefika na hana namna. Suruali ndefu ya michezo hutatua mengi, na kwa wasichana wa Kiislamu, ambao katika miji ya Jinja na Mbale si wachache, suruali na mtandio si kizuizi cha mchezo. FIFA yenyewe iliruhusu mtandio uwanjani mwaka 2014. Wasichana wa Uganda wameonyesha wanachoweza: timu ya taifa ya netiboli ilikuwa ya 7 katika Kombe la Dunia la mwaka 2019 na ya 5 mwaka 2023.

Tatu, tulete Kiswahili uwanjani kwa sura mpya. Nyosha mikono, inama, ruka, pumua polepole: hizi ni sentensi za amri ambazo mwanafunzi huzielewa kwa mwili kabla ya kuzielewa kwa daftari. Watoto wa Uganda wana mchezo wa mpira uitwao kwepena. Mwalimu wa Kiswahili atalitambua neno hilo mara moja. Aliweke ubaoni karibu na kwepa na kwepana, na kauli ya kutendana itakuwa imefundishwa kabla ya filimbi ya pili. Lugha iliyosikika zamani kama kelele za kambi itasikika kama mchezo.

Tumalizie na neno sare. Katika Kiswahili, timu mbili zikifungana bao kwa bao, tunasema zimetoka sare, yaani hakuna aliyemzidi mwenzake. Nguo za aina moja nazo tunaziita sare, kwa maana kwamba mtoto wa tajiri na wa maskini wakizivaa, jicho haliwatofautishi. Hiyo ndiyo ahadi iliyomo ndani ya neno. Ikiwa sare ya michezo inamfanya mmoja akimbie na mwingine ashike mikoba chini ya mwembe, basi tumelichukua neno tukaiacha maana yake. Na kazi ya walimu wa lugha, popote walipo, ni kurudisha maneno kwenye maana zake.