San Marco haikufa, ilibadilisha kazi

Wiki jana nilikuwa kwenye matatu ya kutoka Malindi kwenda Marereni. Tulipopita Gongoni, abiria mmoja akanyoosha kidole upande wa bahari akamwambia mwenzake, "Huko ndiko Wataliano walikuwa wakirusha roketi. Ikafa. Imebaki vyuma vya kuota kutu." Mzee aliyekaa nyuma akaitikia, "Zamani hizo, mwanangu." Mimi nikanyamaza, maana muziki ulikuwa juu hadi mwisho. Lakini ilinikera, kwa hivyo leo naijibu hapa.

Roketi ziliisha, hilo kweli. Ya kwanza kupeleka setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, pale baharini mbele ya Ngomeni, iliruka tarehe 26 Aprili 1967. Ya mwisho ilikuwa Machi 1988. Katikati hapo zilipanda setilaiti tisa, na wazo lote la kurushia karibu na ikweta lilikuwa la Profesa Luigi Broglio wa Roma. Sasa kosa letu ni kudhani roketi ndiyo kazi yenyewe. Roketi inafanya kazi dakika chache tu. Setilaiti inakaa juu miaka, na muda wote huo lazima kuwe na mtu wa kuiambia cha kufanya.

Hili nimelijua kwa kosa langu mwenyewe. Niliacha chuo mwaka wa pili, kozi ya kompyuta, karo ikanishinda, na siku hizi pamoja na video zangu naangalia seva ya jamaa mmoja hapa mjini. Ndani ya seva kuna programu inayokaa chinichini ikifanya kazi usiku na mchana bila mtu kuiona. Mafundi wanaiita dimoni (bibi yangu akilisikia hilo jina atawasha ubani). Huigusi moja kwa moja. Unatumia maktaba, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari: kimoja cha kufungua njia, kimoja cha kuthibitisha wewe ni nani, kimoja cha kutuma amri, kimoja cha kusubiri jibu. Amri zenyewe ni fupi. Niambie hali yako. Soma mipangilio upya. Zima.

Usiku mmoja nikiwa Kilifi nilitaka kuiambia isome mipangilio upya, nikaiambia izime. Ikazima vizuri sana. Na ikishazima haisikii tena. Ilibidi nisubiri alfajiri nipande gari hadi Malindi nikaiwashe kwa mkono. Hapo ndipo nikajiuliza, na mwenye mtambo ulio kilomita mia tano juu angani, yeye anapanda gari gani?

Nikaanza kusoma. Tarehe 12 Desemba 1970, Siku ya Jamhuri, setilaiti ya Marekani iliruka kutoka Ngomeni ikapewa jina letu, Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kutafuta nyota kwa eksirei. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, alisimulia baadaye kwamba hakuweza kungoja. Yeye na Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi upande wa NASA, walitoka jukwaani kwa boti hadi kambi ya nchi kavu, wakawasha vifaa vya setilaiti ikiwa bado mbichi angani, ili waone kama viko hai. Viliitika. Setilaiti ile ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na mwaka 2002 Giacconi akapata Nobel. Sisi tunakumbuka moshi wa roketi. Mimi naona wakati mkubwa ulikuwa ule wa kambini, mtu ametuma amri, anangoja jibu.

Halafu njoo miaka ambayo San Marco inadaiwa ilishakufa. BeppoSAX, setilaiti ya Italia na Uholanzi, ilirushwa 1996 kutoka Florida, lakini antena yake ya ardhini ilikuwa moja tu, hapa kwetu. Kila mzunguko wa kama dakika 96 ilipita juu yetu na kuonekana kama dakika kumi. Kwa hizo dakika kumi inamwaga data yake na kuchukua amri mpya. Tarehe 28 Februari 1997 ilinasa mlipuko wa miale ya gama. Milipuko hiyo ilikuwa imewasumbua wanasayansi tangu miaka ya sitini, hakuna aliyejua inatoka karibu au mbali. Amri za kuigeuza zikatoka Roma, zikapitia Malindi, na ndani ya saa nane tu setilaiti ilikuwa inatazama pale pale mlipuko ulipotokea, ikaona masalio ya eksirei yakififia. Ndiyo ikawa njia ya kugundua kwamba milipuko ile inatoka mbali kabisa nje ya galaksi yetu. Hiyo ni miaka tisa baada ya roketi ya mwisho.

Baada yake zikaja Swift mwaka 2004, AGILE 2007, NuSTAR 2012. Zote zimetumia antena ya Malindi.

Lakini sitaki mtu afurahi haraka. Amri za Swift zinaandikwa Pennsylvania, za NuSTAR Berkeley. Hapa kwetu zinapita. Wapo Wakenya wanaoendesha mitambo ile, na naheshimu kazi yao, ila anayeshika njia na anayeandika amri si mtu mmoja. Tunapozungumza juu ya mkataba na Italia, ule uliotiwa saini 2016, karibu kila mtu anauliza pesa ya ardhi. Nani anauliza kuhusu viti vya chumba cha amri? Wakati Taifa-1 yetu iliporushwa kutoka California, Aprili 2023, watu walilalamika kwa nini haikurukia Ngomeni. Mimi ningeuliza kwanza, ikishafika juu, amri zake zinaandikwa wapi na vijana gani, na kama kuna wa Gongoni hata mmoja.

Nimejiandikia programu ndogo inayonionyesha Swift ikipita juu ya Malindi. Juzi ilipita nikiwa kwa mama wa viazi karai. Nikatazama upande wa Ngomeni mpaka dakika zake zikaisha, mama akaniuliza kama nimepoteza kitu.