Faili Nililoliona kwa Macho Yangu

Jumapili moja ya mwaka 2007, nyumbani Bulwa, babu alinisimulia tangu chai ya asubuhi mpaka kiza kikaingia: vibarua wa mashamba ya chai, walitoka wapi, nani kazikwa wapi. Mimi nachapa tu. Kompyuta ilikuwa ya kuazima, diski yake imekufa, inaendeshwa na CD ya Linux iitwayo Knoppix. Nilihifadhi mara tatu, na jina la faili nikaliona kwenye folda. Umeme ukakatika. Uliporudi, hakuna kitu.

CD ile haiandikiki. Sasa lile faili nililiona wapi?

Kwa kawaida, ukipachika mfumo wa mafaili kwenye folda, vilivyokuwamo vinafichika mpaka uuondoe. Wahandisi wa Bell Labs, Marekani, waliotoa Plan 9 kwa vyuo vikuu mwaka 1992, waliruhusu folda kadhaa zikae mahali pamoja. Ukitafuta jina, linatafutwa kwenye folda ya kwanza. Lisipokuwamo, inafuata ya pili. Programu kutoka kila upande zikaonekana ndani ya /bin moja.

Mwaka 1995 Jan-Simon Pendry na Marshall Kirk McKusick wakaeleza jambo kama hilo kwenye BSD, na hapa ndipo utamu ulipo. Tabaka la chini haliguswi. Ukitaka kubadilisha faili lililo chini, kwanza nakala yake inapandishwa juu, ndipo unaibadilisha hiyo nakala. Ukilifuta je? Halifutiki bwana! Juu inawekwa alama tu ya kulificha, na chini lipo vilevile.

Knoppix ni kazi ya Mjerumani, Klaus Knopper. Mwaka 2005 ilianza kutumia Unionfs, iliyotoka kwa kundi la Erez Zadok huko Stony Brook: CD chini, RAM juu, mtumiaji anaona diski moja. Basi faili langu lilikuwa juu, kwenye RAM, ambayo umeme ukikatika haibaki na kitu. Unionfs yenyewe haikupata kuingia kwenye kiini rasmi cha Linux. Aliyeingia ni OverlayFS ya Miklos Szeredi, mwaka 2014, toleo la 3.18, na leo ndiyo inayobeba kontena nyingi za Docker.

Siwalaumu mafundi. Bila ujanja ule, kompyuta isiyo na diski ingekuwa ya kuwekea vikombe tu. Ila waliunganisha matabaka vizuri mno, mshono hauonekani, na mimi nilihitaji kuuona. Neno “hifadhi” lilikuwa lilelile, na folda ileile.

Pasaka iliyofuata babu alinisimulia tena. Majina yalikuwa machache kuliko mwanzo, na mawili matatu alibishana nayo mwenyewe. Safari hii niliandika kwa kalamu, kwenye daftari la shule la mdogo wangu.