Dalili za virusi vya West Nile kwa farasi

Wadau, leo tupeane shule kuhusu ugonjwa ambao jina lake limetoka hapa jirani tu. Virusi vya West Nile viligunduliwa mwaka 1937 huko wilaya ya West Nile, Uganda, kwenye damu ya mama mmoja aliyekuwa na homa. Mwaka 1999 vikaibukia New York, Marekani. Kunguru wakafa ovyo, watu wakaugua, na farasi nao wakapigwa. Mwaka 2002 peke yake, Marekani ilihesabu farasi wagonjwa zaidi ya 15,000.

Ghala la virusi ni ndege. Mbu, hasa kuleksi, anamnyonya ndege mgonjwa halafu anamng'ata farasi. Farasi mwenyewe haambukizi mtu wala mwenzake, kwa sababu virusi kwenye damu yake ni vichache mno, mbu hawezi kuvipeleka mbele.

Virusi vikifika kwenye ubongo na uti wa mgongo, utaona hivi:

- Miguu inakosa nguvu, hasa ya nyuma. Anayumba kama mlevi, anajikwaa, anaburuza kwato.
- Misuli ya pua, midomo na shingo inachezacheza yenyewe.
- Anashtuka sana akiguswa au akisikia kelele. Wengine wanazubaa tu.
- Mdomo wa chini unalegea, kumeza kunakuwa shida.
- Ikizidi, anaanguka na hainuki tena.

Homa si lazima, kwa hiyo usimwamini tu kwa kuwa hana joto.

Farasi wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote. Ila kati ya wanaoonyesha, karibu mmoja katika kila watatu anakufa au inabidi auawe asiteseke.

Sasa hapa sikilizeni vizuri: kichaa cha mbwa kwa farasi kinaweza kuanza hivi hivi! Usiingize mkono mdomoni eti unaangalia kama kakabwa na kitu. Kaa mbali na mate yake, muite daktari wa mifugo apime.

Dawa ya kuua virusi hivi hakuna, anatibiwa dalili tu. Chanjo ya farasi ipo, ya binadamu bado. Kwa hiyo mwageni maji yaliyotuama kwenye matairi na madumu, maana mbu huyo huyo anatung'ata na sisi.

Mdau mwenye uzoefu na farasi atumwagie hapo chini kwenye maoni.